Shifu si «maître»: penzi la mwiko katika tamthilia ya Hua Qian Gu

Wengi wetu kitivoni tunaotazama tamthilia za Kichina za visasili hukwama mahali pamoja. Mwanamume ni mtu mzima, hana mke. Mwanamke naye hana mume wala mchumba. Hakuna vita kati ya koo zao. Wanaishi kwenye mlima mmoja na kufuata njia moja. Lakini penzi lao linapojulikana, wazee wanakusanyika, hukumu inatolewa, damu inamwagika. Mtazamaji anabaki anauliza: kosa liko wapi?

Katika makala haya nataka kujibu swali hilo kwa chombo tunachojifunza hapa, yaani isimu. Jibu langu ni kwamba kosa limo ndani ya neno moja la kuitana, na neno hilo hupotea njiani linapopita katika Kifaransa kabla ya kutufikia. Nitatumia hasa tamthilia ya Hua Qian Gu, kwa sababu ndani yake mwiko huu ndio uti wa mgongo wa hadithi.

Hadithi kwa ufupi

Hua Qian Gu ilionyeshwa na televisheni ya Hunan mwaka 2015. Wahusika wakuu waliigizwa na Zhao Liying na Wallace Huo, na hadithi ilitoka katika riwaya ya mwandishi anayejiita Fresh Guoguo. Ni ya fani inayoitwa xianxia. Xian ni binadamu aliyejizoeza hata akavuka mipaka ya uzee na kifo. Xia ni shujaa anayetetea haki kwa upanga. Hizi si hadithi za historia kamili. Mavazi, majumba na adabu ni za China ya kale, lakini watu wanaruka angani na kuishi maelfu ya miaka.

Hua Qiangu ni yatima ambaye harufu ya damu yake huvuta mizimu. Anafika mlima Changliu kutafuta elimu. Mkuu wa mlima huo, Bai Zihua, anatambua kwamba msichana huyu ndiye jaribu lake la kufa na kupona, na kwamba angepaswa kumwua. Badala yake anamchukua awe mwanafunzi wake wa pekee na kumpa upanga uitwao Duannian, maana yake «kata mawazo», yaani mawazo ya kutamani. Baadaye mwalimu analishwa sumu. Mwanafunzi anamnywesha damu yake mwenyewe kwa siri, kisha anaiba vyombo vitakatifu ili amponye, na kwa kufanya hivyo anafungua nguvu ya kale iliyokuwa imefungiwa, honghuang zhi li.

Neno hilo la mwisho lilitoka kwenye tamthilia likaingia mitaani. Mnamo Agosti 2016, katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, mwogeleaji Fu Yuanhui aliulizwa kama alikuwa amebakiza nguvu kwa ajili ya fainali. Akajibu kwamba alikwisha kutumia honghuang zhi li yake yote. China nzima ilicheka, kwa sababu nchi nzima ilielewa alikolitoa.

Mahali pamoja katika hadithi panastahili kukumbukwa. Changliu kuna bwawa ambalo maji yake hayamdhuru mtu asiye na mapenzi moyoni, lakini humchoma mwenye mapenzi. Adui wa Hua Qiangu anammwagia maji hayo usoni, uso unaungua, siri yake inafichuka. Baadaye sana tunaona kwamba Bai Zihua naye ana kovu la maji hayohayo mkononi, alilolificha miaka yote. Wote wawili walikuwa na kosa lilelile. Lakini kosa lenyewe ni lipi?

Neno shifu limeundwaje

Hua Qiangu humwita Bai Zihua shifu. Manukuu ya Kifaransa huandika «maître». Kwetu Kongo «maître» ni wakili wa mahakamani, au mwalimu wa shule ya msingi, na hakuna sheria ya ukoo inayomkataza mtu kuolewa na wakili.

Kwa Kichina neno hili huandikwa kwa herufi mbili. Ya kwanza, shi, ni mwalimu. Ya pili, fu, ni baba. Kuna shifu jingine linalotamkwa vilevile, ambalo herufi yake ya pili si baba. Hilo hutumika kwa mafundi na madereva wa teksi. Katika tamthilia za xianxia, la mwanafunzi kwa mwalimu wake ni lile la kwanza. Kila mara Hua Qiangu anapofungua kinywa kumwita anayempenda, anamwita mwalimu-baba.

Neno hilo halisimami peke yake, lina jamaa zake. Mwanafunzi ni tudi, na di ni mdogo wa kiume. Wanafunzi wa mwalimu mmoja huitana shixiong, kaka wa shuleni; shijie, dada mkubwa; shidi na shimei, wadogo wa kiume na wa kike. Mwenzake mwalimu aliye mdogo kwake ni shishu, baba mdogo wa shule. Mke wa mwalimu ni shiniang, mama wa shule. Mwalimu wa mwalimu ni shizu, babu. Msamiati mzima wa ukoo umechukuliwa, ukavishwa kiambishi shi, na shule ikawa nyumba.

Hata kitendo cha kuingia shuleni kinasema jambo hilohilo. Kinaitwa baishi, kumsujudia mwalimu. Kitenzi bai ndicho kinachotumika pia katika baitang, ibada ya arusi ambamo bwana na bibi arusi huinama mbele ya mbingu na dunia, mbele ya wazazi, na mbele ya kila mmoja. Kusujudu kumoja humfanya mtu mtoto, kwingine humfanya mke. Anayetaka kufanya yote mawili mbele ya mtu yuleyule ameingia katika mwiko.

Hili si jambo la kubuniwa na waandishi wa tamthilia. Inasimuliwa kwamba Konfusio alipofariki mwaka 479 kabla ya Kristo, wanafunzi wake walimwomboleza miaka mitatu, muda ambao mtoto alimwomboleza baba yake. Sheria ya ufalme wa Tang ya mwaka 653 ilihesabu kosa la mtawa wa Kibudha au wa Kitao dhidi ya mwalimu wake sawa na kosa dhidi ya baba mkubwa au baba mdogo. Sheria hiyohiyo iliwaadhibu kwa miaka miwili ya kazi ngumu watu wenye jina moja la ukoo waliooana. Kwa hiyo jina, hata bila kupima damu, lilitosha kuzuia ndoa.

Msomaji asiseme kwamba haya ni ya Wachina tu. Kanuni za Kanisa Katoliki za mwaka 1917 zilihesabu undugu wa kiroho kati ya mbatizwa na msimamizi wake wa ubatizo kuwa kizuizi cha ndoa, na kizuizi hicho kiliondolewa katika kanuni za mwaka 1983. Na katika koo nyingi za kwetu mtoto wa baba mdogo ni ndugu, basi. Mazungumzo ya ndoa hayaanzi. Waislamu wa pwani ya Kenya na Tanzania, ambao Kiswahili ni lugha yao ya mama, wanaweza kumwoa mtoto wa ami. Uhusiano wa damu ni uleule. Kilichobadilika ni jina analopewa yule mtoto.

Kubadilisha neno ili kupenda

Kama mwiko umo ndani ya neno, basi tutarajie kuwaona wapenzi wakipigana na neno. Ndivyo ilivyo.

Mfano wa zamani zaidi ya Hua Qian Gu ni riwaya ya Jin Yong, Shendiao Xialü, iliyoanza kutoka katika gazeti la Ming Pao la Hong Kong mwaka 1959. Imetengenezwa kuwa tamthilia mara nyingi. Ya mwaka 1983 aliigiza Andy Lau, ya 2006 Liu Yifei na Huang Xiaoming. Yang Guo ni mwanafunzi wa Xiaolongnü, naye humwita gugu, yaani shangazi, dada wa baba. Siku moja Xiaolongnü, akiamini kwamba sasa wao ni wapenzi, anashangaa kusikia bado anaitwa gugu, na anataka asiitwe hivyo tena. Yang Guo haelewi, na Xiaolongnü anaondoka kwa uchungu. Baadaye, mbele ya mkutano wa mashujaa, Yang Guo anatangaza kwamba atamwoa yeye tu. Guo Jing, aliyekuwa tayari kumpa binti yake, anainua mkono kutaka kumpiga. Mpaka hapo hakuna aliyeibiwa wala kuuawa. Mtu ametamka tu kwamba shangazi yake na mwalimu wake atakuwa mke wake.

Katika Hua Qian Gu neno huvunjika kwa njia nyingine. Bai Zihua humwita mwanafunzi wake Xiao Gu, «Mfupa Mdogo», jina la kubembeleza linalotokana na jina lake kamili, «Ua la Mifupa Elfu». Naye humjibu shifu, hata katika maumivu. Lakini mwishoni, anapokufa kwa upanga ulioshikwa na mikono ya mwalimu wake na kumlaani aishi milele bila kuzeeka wala kufa, anamwita Bai Zihua, jina lake lote, kama mtu anayemwita mgeni. Mtazamaji wa Kichina anasikia hapo kwamba ubaba umekwisha. Anayesoma manukuu anaona tu jina la mtu.

Kinga na fimbo

Je, mwiko huu ni upuuzi? Sidhani. Mwanafunzi wa mlima Changliu anategemea mwalimu kwa chakula, elimu, silaha na uhai. Hana mahali pengine pa kwenda. Neno baba linamwambia mwenye nguvu: huyu ni mtoto wako, usimtamani. Sisi tunaosoma chuoni hatuhitaji kuelezwa sana. Mtu anayeshika alama zako anashika pia mwaka wako, na pengine ada ambayo wazazi wako waliikusanya kwa shida. Ni vizuri kuwe na neno linalomzuia.

Lakini tamthilia inatuonyesha jinsi kinga inavyogeuka fimbo. Neno liliwekwa ili kumlinda mdogo, na siku ya hukumu mdogo ndiye anayesimamishwa hadharani na kupigiliwa misumari ya kuangamiza roho. Ni kweli kwamba Bai Zihua anaibeba mingi ya misumari hiyo yeye mwenyewe, kwa siri. Lakini siri yake inamwachia heshima yake, wakati aibu ya mwanafunzi inajulikana na wote. Kovu la mwalimu limefichwa chini ya mkono wa vazi. La mwanafunzi liko usoni. Kwangu mimi hapo ndipo hadithi hii inapozidi penzi la kawaida la televisheni: inauliza ni nani hulipa pale ambapo wawili wamevunja mwiko uliokusudiwa kumlinda mmoja wao.

Kwa Kiswahili tungesemaje?

Swali hili si la ndotoni. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania ilionyesha kwa sauti za Kiswahili tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake, na Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mnamo Machi 2013. Ile ilihusu familia ya leo. Ikija zamu ya xianxia, mfasiri atakutana na shifu.

Naona Kiswahili kina bahati kuliko Kifaransa. Kifaransa kina «oncle» na «tante» tu. Kichina hutenganisha bobo, shushu, jiujiu na gugu, nasi tunajibu bila kutafuta: baba mkubwa, baba mdogo, mjomba, shangazi. Kwa kaka na dada wakubwa, Kiswahili cha Lubumbashi kina «yaya». Shishu akiitwa «baba mdogo» na gugu akiitwa «shangazi», mtazamaji wa Bukavu hatahitaji maelezo; atashtuka mwenyewe.

Shifu ni mgumu zaidi. «Mwalimu» linatupa elimu bila ubaba. «Baba» peke yake limelegea, kwa kuwa tunamwita hivyo kila mwanamume wa heshima, na mke humwita mumewe «baba Fulani». Mimi ningependekeza «Baba Mwalimu», kwa mfano wa «Baba Padri» na «Baba Askofu», ambao hakuna anayewatania. Tena ningelitumia kuanzia tukio la kusujudu, bila kulibadilisha hata mara moja, ili siku Hua Qiangu atakapoliacha, sikio lishtuke.

Mwenye pendekezo bora alilete. Lakini tukubaliane jambo moja kabla ya kuanza kazi: anayetafsiri tamthilia hizi bila majina ya ukoo ametuletea machozi, akaacha sababu yake ng'ambo.