Nyumba ya Mikono Minne

Akina mama wenzetu, kuna safari ambazo mtu huzifanya kwa furaha, na kuna nyingine ambazo hutumwa. Safari yetu ya Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, ilikuwa ya namna zote mbili. Tulikuwa watatu, wote tuliosoma pamoja, na tulikuwa tunakwenda kumtembelea mwenzetu ambaye hatujamwona kwa miaka sita. Lakini jioni kabla ya kuondoka Tanga, mama yake mzazi alituita kibarazani kwake.

“Mwanangu analala msituni kama ngedere,” alisema. “Mkamwambie arudi. Chumba chake bado kipo.”

Tukaahidi. Basi pamoja na sukari, sabuni na blanketi mbili, tulipanda basi tukiwa na ujumbe huo mzito.

Njia ya kupanda

Kutoka Muheza barabara hupita katikati ya michungwa, kisha huanza kupanda. Pale Sigi ndipo palipokuwa mwisho wa reli ndogo ya zamani ya Wajerumani, na nyumba ya mkuu wa stesheni ingali imesimama karibu na lango la hifadhi. Kutoka hapo ni kona juu ya kona. Mwenzetu mmoja alifumba macho na hakuyafumbua mpaka juu.

Wengi wetu tumesikia jina la Amani bila kujua habari zake. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapa kituo cha utafiti wa mimea, wakaleta miti kutoka pande nyingi za dunia. Mwaka 1997 msitu huu ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza katika Tanzania. Na sisi watu wa Tanga tuna deni kwake: mto Zigi unaotoka katika milima hii ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na maji ya bwawa hilo ndiyo tunayofungulia kwenye mabomba yetu.

Tuliposhuka, watoto wawili walikuwa wanatungoja kando ya mashamba ya chai. “Shikamooni, mama wakubwa!” wakasema, wakachukua mizigo na kutangulia. Tulitembea muda wa saa nzima, tukiteleza kwenye udongo mwekundu, juu yetu mbega wakiruka kutoka tawi hadi tawi.

Kila kitu kina sababu

Tulitazamia kibanda. Tulichokiona ni nyumba ya vyumba vinne, imepakwa chokaa, paa lake la bati limeshuka chini kama kofia iliyovutwa mpaka kwenye nyusi. Mwenzetu alitoka mbio, mikono ina unga, tukakumbatiana mpaka sote tukawa weupe.

“Karibuni jamani! Karibuni kwetu!”

Mumewe, shemeji yetu, alikuwa karani katika kiwanda kimoja mjini mpaka kilipofungwa. Hakuwa na kitu ila kipande cha shamba alichoachiwa na babu yake, nje kidogo ya mpaka wa hifadhi. Fundi hawakuweza kumlipa. Nyumba wameijenga wenyewe, mikono minne, kwa muda wa miaka mitatu.

Alituzungusha kama mtu anayeonyesha kanga mpya. Msingi ni wa mawe waliyoyaokota kijitoni, umeinuka kufika magotini, kwa maana mahali hapa hunyesha karibu milimita 2000 kwa mwaka, na udongo unaogusa maji haudumu. Nguzo ni za mikaratusi kutoka kwenye shamba la jirani, kwani katika hifadhi hakuna ruhusa kukata hata ufito. Ncha za nguzo walizichoma moto kisha wakazipaka oili chafu ili mchwa wasizile. Kuta ni fito na udongo uliokanyagwa kwa miguu pamoja na majani makavu yaliyokatwakatwa, ili usipasuke ukikauka.

Jikoni ndiko tulikokaa zaidi. Jiko lake ni la udongo, lina mashimo mawili na bomba la kutolea moshi. Alilijenga mwenyewe baada ya kuchoka kukohoa. “Mzigo wa kuni niliokuwa naumaliza kwa siku mbili, sasa unafika siku nne,” alisema. Kwa mama anayeokota matawi makavu kwa siku zilizoruhusiwa tu, hilo si jambo dogo.

Ua lisilong'olewa

Alasiri alitupeleka kijitoni. Kwenye mwamba wenye ukungu, penye kivuli, palikuwa na vimaua vidogo vya zambarau, majani yake yana manyoya laini. Tuliyafahamu, kwani tumeyaona kwenye vikopo madirishani mwa watu. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyaona katika Usambara akayapeleka kwao. Leo yanapandwa katika nyumba za Ulaya na Marekani, lakini asili yake ni milima yetu hii.

Mmoja wetu alinyoosha mkono ili ang'oe kimoja.

“Kiache, shoga,” mwenzetu alisema kwa upole. “Hapo ndipo kwao.”

Usiku wa ujumbe

Baada ya ugali, mboga za majani na chai ya iliki ya shambani mwake, shemeji alituaga akaenda kulala. Mvua ilianza kupiga bati. Ghafla sauti ikapasua giza, kama mtu anayekabwa koo. Tulishikana mikono. Mwenzetu alicheka mpaka machozi. “Ni perere tu, mnyama mdogo kama sungura. Anaita wenzake.”

Alipomaliza kucheka, tukautoa ujumbe wa mama yake. Hakujibu upesi. Alichochea moto, kisha akasema:

“Mwaka wa kwanza ukuta wa kusini ulianguka usiku, wa masika. Tulikuwa tumeweka paa fupi, maji yakaupiga mpaka ukalainika. Mtoto alikuwa na homa. Nilifunga nguo zangu nikasema, kukicha naondoka. Asubuhi nilimkuta mwenzangu nje, anakanyaga udongo peke yake. Hakuniomba nibaki. Alisema, ‘Kosa ni langu, niliogopa gharama ya bati.’ Tangu tuoane sikuwahi kumsikia akisema kosa ni lake. Nikavua viatu, nikaingia kwenye udongo.”

Hakutuficha mengine. Shule iko mbali. Usiku mmoja walimbeba mtoto hadi hospitali kwa mwanga wa tochi, na njia nzima hawakusemezana kwa hofu. Siafu huingia ndani, na siku hiyo watu ndio wanaohama. “Mwambieni mama yote hayo,” alisema. “Msipunguze kitu. Lakini mwambieni na hiki.”

Akachukua taa, akafungua mlango wa chumba cha nne.

Kilikuwa na kitanda cha kamba na dirisha linalotazama bonde. Tuligundua kwamba hapa tu ndipo pasipokuwa na kizingiti, na kutoka uani njia ilipanda polepole bila ngazi hata moja, ukutani pamefungwa ufito wa kushikia.

“Magoti yake yanamsumbua,” alisema. “Chumba hiki kina miaka miwili. Kila Jumamosi nakifagia. Nimeona haya kumwita, najua anavyopaonea huku.”

Hakuna aliyejibu. Sisi tulikuwa tumekuja na blanketi za kumhurumia.

Tuliyorudi nayo

Msomaji, hatukuandika haya ili kila mtu akajenge nyumba ya udongo. Wengi wetu tunakaa nyumba za kupanga, na hata msumari wa ukutani tunauombea ruhusa. Lakini tulijiuliza njiani: katika nyumba zetu, ni kitu gani tulichokifanya kwa kumfikiria mtu fulani, goti lake, kikohozi chake, usingizi wake? Na je, tumemwambia, au tunafagia kila Jumamosi na kunyamaza?

Tulipofika Tanga tulikwenda moja kwa moja kwa yule mama. Tulimweleza yote kama tulivyoagizwa: ukuta, homa, siafu, tochi. Tulipofika kwenye chumba kisicho na kizingiti, alitazama chini kwa muda mrefu, akiyapapasa magoti yake.

“Huko kuna baridi?” akauliza.

“Usiku ipo, mama.”

Akamwita mjukuu wake amtafutie sweta.