Bukavu: Lulanga ya Bushi haifundishwi na rekodi peke yake

Bukavu, Kivu ya Kusini – Kijana anayesikiliza kwenye simu rekodi ya zamani ya lulanga, chombo cha nyuzi cha Bashi, anaweza kudhani kwamba kuna wapigaji wawili. Sauti moja inatembea chini, nyingine inaruka juu yake, na katikati kuna mtu anaimba. Kumbe ni mtu mmoja tu aliyeketi na ubao wake.

Rekodi za aina hiyo zipo. Mmarekani Alan Merriam alifanya utafiti wa muziki kwa Bashi miaka ya 1951 na 1952. Mwaka huo wa 1952 Hugh Tracey alizunguka Congo na Ruanda-Urundi na mashine yake ya kurekodi, na kanda zake zinahifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, lina mkusanyiko mkubwa wa vyombo na sauti kutoka Congo.

Hii ni kusema kwamba sauti haijapotea. Kinachoweza kupotea ni namna mikono ilivyogawana kazi, na jambo hilo sikio peke yake haliwezi kulirudisha.

Ubao usio na shingo

Lulanga ni ndugu wa inanga ya Burundi na Rwanda. Fundi anachonga kipande kimoja cha mti mpaka kiwe na umbo la sinia ndefu yenye kingo, kisha anapitisha uzi mmoja mrefu kwenye meno ya huku na huku, ukienda na kurudi. Uzi ni mmoja, lakini kila mstari wake unatoa sauti yake.

Hapa tofauti na gitare ni kubwa. Kwenye gitare mkono wa kushoto unabana na wa kulia unadonoa, na yote miwili inatengeneza noti moja. Mkono mmoja ukisimama, mwingine hauna la kusema. Kwenye lulanga hakuna shingo ya kubana. Kila mkono unadonoa nyuzi zake na una maneno yake.

Wazungu walilifikia wazo linalokaribiana na hilo kwa njia ya mbali. Tarehe 26 Agosti 1969, huko Los Angeles, mpiga gitare Emmett Chapman alianza kugonga nyuzi kwa ncha za vidole vya mikono yote miwili, mkono mmoja ukitoa besi na mwingine melodia. Kutokana na ugunduzi huo akatengeneza chombo kinachoitwa Chapman Stick, chenye nyuzi 10, kikaanza kuuzwa mwaka 1974. Tony Levin, aliyepiga na Peter Gabriel na kundi la King Crimson, ndiye aliyekifanya kijulikane zaidi. Chapman alifariki mwaka 2021. Wanaojifunza chombo chake wanakutana na ukuta ule ule anaokutana nao mtoto wa Kabare au Ngweshe akikalishwa mbele ya lulanga: mikono inakataa kuachana.

Kwa nini mikono inafuatana

Jaribu hivi. Nyosha vidole viwili vya shahada mbele yako. Vipeleke vyote kulia, kisha vyote kushoto, kama vile vifuta kioo vya gari wakati wa mvua. Sasa ongeza mwendo polepole. Utafika mahali ambapo vidole vinageuka vyenyewe, vinaanza kukutana katikati na kuachana, kama mtu na kivuli chake kwenye kioo. Hukuviamuru.

Mtafiti J. A. Scott Kelso alieleza jambo hilo mwaka 1984, na limepimwa mara nyingi tangu hapo. Mwili unapenda mikono ifanye kitu kile kile kwa pamoja. Mwendo ukizidi, unarudi kwenye desturi yake. Ndiyo maana mwanafunzi anayeharakisha anaharibu: polepole mikono yake ilikuwa imetengana, lakini kwa haraka inashikana tena.

Kosa la pili ni kufikiri kwamba lazima ufikirie mambo mawili kwa wakati mmoja. Hakuna anayeweza kufanya hivyo kwa muda mrefu. Wanaofaulu wanasikia jambo moja tu, ambalo mikono miwili inalisema kwa kupokezana.

Mfano unaojulikana kote Afrika ya Kati ni tatu juu ya mbili. Keti mezani, hesabu mpaka sita bila kusimama, urudie. Mkono wa kulia upige kwenye 1, 3 na 5. Wa kushoto upige kwenye 1 na 4. Ukifuata mikono miwili kama watu wawili, utachanganyikiwa. Lakini sema kwa mdomo: pamoja, halafu kulia-kushoto-kulia. Pamoja, kulia-kushoto-kulia. Baada ya dakika chache meza inaimba sentensi moja. Mtoto aliyekulia karibu na ngoma anaipata bila hesabu, kwa sababu ameisikia kabla ya kujua kuhesabu.

Sikio linadanganywa

Kama ingekuwa hivyo tu, mtu angechukua rekodi za miaka ya 1950, akasikiliza, akarudisha kila mkono mahali pake. Shida ni kwamba kinachosikika si lazima kiwe kile ambacho mikono inafanya.

Jambo hilo lilielezwa vizuri kutoka Uganda. Mwaustria Gerhard Kubik alifika huko mwishoni mwa mwaka 1959, akawa mwanafunzi wa Evaristo Muyinda, mwanamuziki mashuhuri wa Buganda. Alifundishwa amadinda, ile marimba kubwa ambayo wapigaji wanakaa pande mbili na kupachika noti zao kati ya noti za mwenzao. Alipokuwa akipiga sehemu yake iliyo sawa kabisa, alisikia melodia ambazo yeye hakuzipiga, na mwenzake pia hakuzipiga. Noti za juu za wote wawili zinajikusanya sikioni kuwa wimbo mmoja, za chini kuwa wimbo mwingine. Mwaka 1962 alichapisha maelezo yake, na mpaka leo wataalamu wanayatumia.

Ennanga, kinubi cha Baganda chenye nyuzi 8, kinafanya kazi ile ile na mtu mmoja: mkono wa kulia na wa kushoto wanachukua nafasi za wale wapigaji wawili. Msikilizaji anasikia nyimbo tatu au nne. Vidole vinajua mbili tu.

Kubik mwenyewe alitafuta dawa ya tatizo. Kaskazini mwa Msumbiji alipiga filamu isiyo na sauti ya wapigaji wa marimba iitwayo mangwilo, kisha akaiangalia picha moja baada ya nyingine, akiandika ni fimbo gani imegusa ubao gani. Kazi hiyo ilitoka mwaka 1965. Filamu bila sauti ilimwonyesha kile ambacho kanda yenye sauti ilikuwa imekificha.

Sauti ya mnong'ono

Lulanga na inanga zina ugumu mwingine ambao Stick ya Chapman haina lazima: mpigaji anaimba. Burundi kuna mtindo wa kunong'ona. Mwimbaji hatoi sauti kamili, anatoa pumzi na maneno tu, na nyuzi zinabeba toni. Kwa lugha kama Kirundi, ambamo toni inabadilisha maana, si mchezo. Mtafiti Cornelia Fales alionyesha kwamba msikilizaji anadhani mnong'ono wenyewe unapanda na kushuka, hali toni hiyo inatoka kwenye nyuzi. Ni udanganyifu mwingine wa sikio, na ni mzuri sana.

Kujifunza mambo hayo kulikuwa kwa kukaa karibu. Sophie Nzayisenga, mpigaji wa inanga anayejulikana nchini Rwanda, alifundishwa na baba yake, Thomas Kirusu, tangu akiwa mtoto mdogo. Hakuna kitabu kilichowekwa kati yao.

Gitare ilijua pia

Wacongo walipopokea gitare, hawakuacha maarifa hayo. Jean-Bosco Mwenda wa Bunkeya, ambaye Tracey alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu. Gumba lilikuwa na mwendo wake, shahada mwendo wake, na wimbo wa Masanga ulifika mpaka Ulaya. David Rycroft alitumia makala mbili, mwaka 1961 na 1962, kuandika kwa noti kile ambacho vidole viwili hivyo vilifanya. Mwenda aliimba kwa Kiswahili chetu cha Congo, lakini ni vijana wachache wa leo wanaoweza kupiga hata nusu dakika ya kazi yake.

Sababu moja ni okestra. Rumba iligawa kazi: gitare ya solo, ya mi-solo, ya akompanyema, na ya besi. Muziki ukawa mtamu zaidi, hakuna anayebisha, lakini kila mtu akabaki na sehemu moja. Katika Bukavu gitare nyingi zinajifunzwa kanisani, Kadutu, Ibanda au Bagira, na kwaya inahitaji mtu wa akompanyema, mtu wa solo, mtu wa besi. Kijana anaweza kupiga miaka kumi bila mkono wake mmoja kulazimika kusema peke yake. Na umeme ukikatika, jambo ambalo mji huu unalijua vizuri, amplifaya inanyamaza pamoja na okestra nzima. Ubao wa lulanga hauhitaji waya.

Tangu Februari 2025, mji ukiwa mikononi mwa AFC/M23, safari za kati ya mji na vijiji si jambo jepesi, na familia nyingi zimehama. Mzee anayehama anabeba watoto na sufuria. Ubao wa lulanga unaweza kubaki ukutani.

Kwa aliye na mzee mpigaji karibu, simu ya kawaida inatosha, lakini isielekezwe usoni, kama wengi wanavyofanya. Iwekwe juu ya bega la mzee, ikitazama chini, ili vidole vyote vya mikono miwili vionekane pamoja na mahali kila uzi unapoanzia. Kwanza apige wimbo mzima na kuimba. Halafu aombwe apige polepole. Halafu mkono wa kushoto peke yake, kisha wa kulia. Wapigaji wengi wanashindwa hatua hiyo ya mwisho: wanacheka, wanasema mkono mmoja haujui wimbo. Hapo simu isizimwe. Aendelee na mikono yote miwili, na picha itatenganisha baadaye. Mwishoni adonoe kila uzi mara moja, kutoka wa chini mpaka wa juu, akitaja jina la uzi huo kwa Mashi kama analo.

Dakika kumi za namna hiyo zinaingia kwenye kadi ndogo ya simu.