Ukuta wa Morley

Njooni karibu, wapwa zangu. Sogeeni, na yule mdogo apishwe akae mbele. Leo sisemi peke yangu. Leo ukuta utasema.

Mnacheka? Chekeni tu. Kuna mji unaitwa Morley, karibu na Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Katika mji huo kuna bustani ndogo iliyopewa jina la mwanamke, Bustani ya Beryl Burton. Ndani ya bustani kuna ukuta, na ukutani amechorwa huyo mwanamke, mkubwa kabisa, yuko juu ya baiskeli. Watu hupita na mizigo yao, wakainua macho, wakamwona.

“Mjomba, ukuta unasema kweli?”

Ukiuuliza vizuri, unasema. Haya, uulize.

“Shikamoo, Babu Ukuta. Huyo mama uliyembeba ni nani?”

“Marahaba, mjukuu wangu. Umefanya vyema kuuliza. Watu wazima wengi hupita hapa bila kuuliza. Huyu ni Beryl. Alizaliwa mwaka 1937. Alipokuwa mtoto kama wewe, aliugua sana. Homa ya baridi yabisi ilimlaza hospitali miezi mingi. Kwa muda hakuweza hata kusema. Alipotoka, madaktari walimwonya: usijichoshe, michezo mizito si yako.”

“Akasikia?”

“Akapanda baiskeli.”

“Nani alimfundisha?”

“Charlie. Kijana aliyependa baiskeli, ambaye baadaye alikuwa mumewe. Mwanzoni Charlie alikuwa akimngoja kila kilima, akimsukuma mgongoni. Siku zilipopita akawa halazimiki kumsukuma. Zilipopita nyingine, Charlie ndiye aliyebaki nyuma. Charlie hakununa. Akawa fundi wake, akimtengenezea mnyororo na matairi, akimpelekea maji na chakula njiani. Kumbuka jina la Charlie. Sehemu ya sifa hizi ni yake.”

“Beryl alikuwa anafanya kazi gani? Kazi ya kuendesha baiskeli?”

“La. Hakulipwa kwa kukimbia. Alifanya kazi shambani, hapa hapa Morley. Huku kwetu hulimwa mmea unaoitwa rubarbu, wenye mabua mekundu marefu na machachu, unaopikwa kwa sukari. Mizizi yake ni mizito, imejaa udongo. Beryl aliinama, akachimba, akabeba. Jioni akapanda baiskeli kujinoa. Kampuni ya baiskeli ilimtaka, imlipe. Alikataa. Alitaka kukimbia atakavyo yeye.”

Subirini kidogo, wapwa zangu, ukuta upumzike. Hapa pana jambo la kueleza, na msipolielewa hili hamtaelewa kwa nini huyu mama alichelewa kujulikana.

Mashindano aliyoyapenda zaidi yalikuwa ya kushindana na saa. Ni hivi. Mama anawatuma watoto kumi kuchota maji kisimani. Hawatoki pamoja. Anatoka wa kwanza, inapita dakika moja, anatoka wa pili, inapita dakika nyingine, anatoka wa tatu. Mama ameshika saa mlangoni. Si lazima aliyefika wa kwanza awe ndiye mshindi. Mshindi ni yule aliyetumia muda mfupi. Na wewe ukimkuta njiani aliyekutangulia, ujue umeshamla dakika nzima.

“Mjomba, sasa watazamaji wanatazama nini?”

Swali hilo! Una akili inayochimba kama jembe, usiiache ilale. Jibu ni kwamba watazamaji walikuwa wachache sana. Zamani, karne ya 19 ilipokuwa inakwisha, wakubwa wa Uingereza hawakutaka mbio barabarani. Polisi waliwafukuza waendeshaji. Basi waendeshaji wakaamua kukimbia alfajiri, mmoja mmoja, wamevaa nguo nyeusi ili wasionekane. Hata njia walizokimbilia waliziita kwa herufi na namba, ili asiyehusika asijue ni wapi. Polisi waliacha kuwafukuza, lakini mazoea yalibaki. Wakati wa Beryl bado mtu aliamka gizani siku ya Jumapili, akaenda kukimbia. Barabara tupu, saa inahesabu.

Haya, ukuta umepumzika.

“Sasa nikuambie habari za mwaka 1967,” ukuta ukasema. “Mwaka huo Beryl alikwenda Uholanzi, akawa bingwa wa dunia wa mbio za barabarani. Ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1960, Ujerumani Mashariki. Akarudi nyumbani, na mwezi huo huo wa Septemba akaingia mashindano ya saa 12 hapa mkoani kwetu Yorkshire.”

“Saa 12 za nini, Babu?”

“Saa 12 za kukanyaga. Asubuhi mpaka jioni. Unakula juu ya baiskeli, unakunywa juu ya baiskeli. Anayekwenda mbali zaidi ndiye mshindi. Wanaume waliondoka kwanza, mmoja mmoja. Wa mwisho wao alikuwa Mike McNamara, mwenye nguvu kuliko wote. Dakika mbili nyuma yake akaondoka Beryl. Barabara tupu, saa inahesabu.”

“Akamfikia?”

“Polepole. Saa zikapita, dakika mbili zikawa moja. Saa nyingine zikapita, akamwona mgongo. McNamara naye hakuwa amelegea, maana siku hiyo alikuwa anavunja rekodi ya wanaume wa Uingereza! Akiwa katika kuivunja, akasikia mtu anakuja ubavuni. Ni Beryl.”

“Akamwambia nini?”

“Alitia mkono mfukoni, akatoa peremende, akampa. McNamara akaipokea, akamshukuru. Beryl akaenda zake.”

Wapwa zangu, hapo mimi husimama kila mara. Watu wengine huisimulia habari hiyo ya peremende kama mzaha wa mwanamke aliyemcheka mwanamume. Mimi sikubaliani nao. Wawili hao walikuwa wamechoka mpaka kwenye mifupa. Katika barabara nzima, ni Beryl tu aliyejua McNamara anaumia kiasi gani, na ni McNamara tu aliyejua kasi ya Beryl ina thamani gani. Ile peremende ilikuwa njia ya kusema, nimekuona. Na kuipokea ilikuwa njia ya kujibu, nami nimekuona.

Siku ile Beryl alikwenda maili 277 na robo, yaani kilomita 446. Alimzidi McNamara kwa zaidi ya kilomita moja. Ilibidi ufike mwaka 1969 ndipo mwanamume alipoupita umbali huo. Na kwa wanawake? Rekodi ilikaa miaka 50, mpaka 2017.

“Babu Ukuta, nchi ikamshangilia?”

“Kidogo. Mwaka ule televisheni ya BBC ilipowapigia kura wanamichezo, Beryl alikuwa wa pili, nyuma ya bondia Henry Cooper. Malkia alimpa nishani mwaka 1964, akampa nyingine ya juu zaidi mwaka 1968. Nishani si pesa. Ni kipande cha madini na utepe, unakifunga kifuani, na taifa linasema: huyu ni wetu, na tunajivunia. Alikuwa amevaa jezi ya bingwa wa dunia mara saba, mbili za barabarani na tano za uwanjani. Kwa miaka 25 mfululizo hakuna mwanamke Uingereza aliyemshinda katika orodha ya ubora wa mbio za saa. Lakini akitembea Leeds mjini, wengi hawakumjua.”

“Na Olimpiki? Alishinda ngapi?”

“Hakushiriki hata moja. Mbio za baiskeli za wanawake ziliingia Olimpiki mwaka 1984, naye alikuwa na miaka 47. Hakukosa uwezo. Mlango haukuwepo.”

Hilo linaniuma, wapwa zangu, wala sitalificha. Beryl alifariki Mei 1996, moyo ulisimama akiwa juu ya baiskeli. Alikuwa amebakiza siku chache kutimiza miaka 59, na alikuwa anapeleka kadi za mwaliko wa sherehe yake ya kuzaliwa. Bustani, ukuta, njia ya baiskeli yenye jina lake kati ya Harrogate na Knaresborough, igizo la maisha yake lililoandikwa na Maxine Peake na kupanda jukwaani Leeds mwaka 2014, mwaka ambao mbio kubwa za baiskeli za Tour de France zilianzia katika mji huo huo, vyote vilikuja yeye hayupo.

“Babu Ukuta, yeye aliwapongeza wengine?”

Ukuta ulinyamaza kidogo, maana mtoto aligusa penyewe.

“Kuna siku alishindwa kufanya hivyo. Alikuwa na binti, Denise, naye bingwa. Mwaka 1976 katika mbio za ubingwa wa taifa, wakafika mwisho pamoja, Denise akampita mama yake. Walipopanda jukwaani, Beryl hakumpa mkono.”

“Mwanawe mwenyewe?”

“Mwanawe mwenyewe. Aliyempa McNamara peremende hakuweza kumpa Denise mkono. Baadaye aliandika kwamba siku ile hakuwa yeye. Mimi namwamini, na bado naona alikosea.”

“Wakapatana?”

“Mwaka 1982 walipanda baiskeli moja, ile ndefu ya watu wawili yenye viti viwili na pedali jozi mbili. Mama na binti, wakaenda maili 10, yaani kilomita 16, kwa dakika 21 na sekunde 25. Ikawa rekodi ya Uingereza, na majina yote mawili yakaandikwa.”