Fahamu: Kwa nini rubani akigoma shirika zima hutikisika

Mtu wa Magamba akikosa ndege pale Mpanda, bado ana basi, au treni ya kupitia Kaliua. Shirika la ndege likikosa rubani halina pa kukimbilia, na nguvu ya marubani kwenye meza ya mishahara inaanzia hapo.

Leseni ya rubani hutaja aina ya ndege aliyofunzwa. Anayerusha Q400 ya Air Tanzania, ile ya mapangaboi mawili, hawezi kuhamishiwa Airbus kesho asubuhi. Lazima arudi darasani, aingie kwenye mtambo wa kuigiza urukaji, apimwe upya. Wagomaji wakifukuzwa, basi, wa kuziba pengo hawaokotwi kijiweni kama vibarua. Na ndege iliyolala chini haiingizi hata senti, huku deni lake likiendelea kudaiwa.

Kenya Airways iliyaonja hayo tarehe 5 Novemba 2022, marubani wa chama cha KALPA walipogoma wakidai, pamoja na mengine, kurejeshewa michango ya mfuko wao wa akiba ya uzeeni. Maelfu ya abiria walikwama. Kampuni ilikadiria hasara ya shilingi milioni 300 za Kenya kwa siku.

Hata hivyo mahakama iliwaamuru warudi kazini ifikapo saa 12 asubuhi ya Novemba 9, nao wakarudi.

Wakati mwingine hata mgomo hauhitajiki. Marubani wa shirika la Delta, Marekani, walipata nyongeza ya mishahara ya zaidi ya asilimia 30 katika mkataba wa 2023. Hawakugoma hata siku moja. Marubani walikuwa adimu tu baada ya korona.