Maziwa ya Bonde la Ufa (Sehemu ya Tano): Kutoka Genge la Manzese hadi Ufuko wa Natron

Sehemu zilizotangulia za makala haya zilieleza jinsi ardhi ya Afrika Mashariki ilivyopasuka na kudidimia, na kwa nini maziwa mengi ya bonde hilo hayana mto wa kuyatolea maji. Msomaji aliyezifuatilia hana haja ya kurudiwa hayo. Sehemu hii inaliendea Ziwa Natron, lililoko kaskazini kabisa mwa Tanzania, katika wilaya za Ngorongoro na Longido, na imeandikwa sasa kwa sababu mambo mawili yamekutana katika magazeti. La kwanza ni mradi wa kuchimba magadi katika bonde la Engaruka, jirani na ziwa hilo, ambao umekuwa ukitajwa tena na tena kwa miaka kadhaa. La pili ni wito wa utalii wa ndani, ambao tangu filamu ya Royal Tour ilipozinduliwa mwaka 2022 umevuka hoteli za Arusha na kufika uswahilini, hata katika mitaa ya Manzese, jijini Dar es Salaam, vikundi vya vikoba na vya vijana wa mtaa mmoja vinachangishana kidogo kidogo ili vipate basi la kwenda kaskazini wakati wa sikukuu.

Jambo hilo la pili ni jema na linastahili kuungwa mkono. Hata hivyo, yapo mashaka kwamba wengi watakwenda wakidhani wanakwenda mahali pageni kabisa, ilhali uhusiano wa Manzese na maziwa ya aina hiyo ni wa zamani na unapita jikoni. Katika magenge yaliyo pembeni mwa Barabara ya Morogoro, kuanzia Tip Top hadi Darajani, huuzwa vipande vya rangi ya kijivu au nyeupe iliyofifia, ambavyo mama wa nyumbani huvitia katika sufuria ya maharage au makande ili yaive upesi na mkaa usiishe, na ambavyo mpishi aliyetoka Dodoma au Singida hawezi kupika mlenda bila kuwa navyo. Wazee nao huvisaga na kuvichanganya na tumbaku ya ugoro. Hayo ndiyo magadi. Kwa lugha ya kemia ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, yaani chumvi isiyokuwa chumvi ya mezani, yenye ukali wa nyongo unaofanana na wa majivu, na ambayo, inafaa itajwe hapa, ikizidishwa katika chakula huharibu vitamini B1 iliyomo kwenye maharage. Magadi ya gengeni hutoka pande mbalimbali, lakini asili yake ni moja: maji yaliyopita katika miamba na majivu ya volkano, yakakusanyika katika bonde lisilo na mlango wa kutokea, kisha yakanyonywa na jua.

Jina lenyewe la ziwa linasema hivyo hivyo. Natron ni neno lililotoka Misri ya kale, likapita kwa Wayunani na Waarabu, nalo lilitaja magadi ya Wadi Natrun yaliyotumika kukaushia maiti za wafalme zisioze. Kutokana na neno hilo wanakemia walipata *natrium*, na ndiyo sababu mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kuandika sodiamu kwa herufi Na, wakati mwingine pasipo kuambiwa kwamba herufi hizo mbili zina undugu na ziwa lililoko nchini mwake. Ni hasara kubwa kufundisha alama na kuacha nchi.

Ziwa hilo lina urefu wa kilomita zinazokaribia 60 na upana wa kilomita 20 na kidogo, lakini kina chake hakifikii mita tatu. Liko mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, chini sana ya nyanda zinazolizunguka, kwa hiyo joto hutuama humo kama ndani ya chungu na mara nyingi huvuka nyuzi 40. Mto wake mkuu ni Ewaso Ng'iro ya kusini, unaoshuka kutoka Kenya. Iko pia mito midogo kama Peninj na Engare Sero, pamoja na chemchemi za maji moto. Kusini mwake umesimama Ol Doinyo Lengai, mlima ambao jina lake la Kimaasai lina maana ya Mlima wa Mungu, na ambao duniani kote ndiyo volkano hai pekee inayotoa zaha ya magadi. Zaha, yaani ujiuji wa mwamba ulioyeyuka, kwa kawaida huwa na joto la nyuzi 1,000 au zaidi na hung'aa kama makaa. Ya Lengai ina nyuzi 500 hadi 600 tu, hutiririka ikiwa nyeusi kama oili chafu, na baada ya kunyonya unyevu wa hewa hugeuka nyeupe, hata mtu aliye mbali akadhani kileleni kumeanguka theluji. Mwanga wa jambo hili uliwafikia wanasayansi mwaka 1960 tu, ingawa Wamaasai na Wasonjo walikuwa wakiishi chini ya mlima huo tangu zamani.

Hapa panafaa kukumbushwa kwamba watu wa pwani nao walilijua bonde hili mapema kuliko wageni wa Ulaya. Misafara ya pembe za ndovu ilikuwa ikitoka Pangani, ikapita Arusha, ikashika njia ya chini ya ukuta wa bonde hadi Engaruka na kuendelea kaskazini. Na mwaka 1882, mmisionari J. P. Farler wa misheni ya Magila alipochapisha maelezo ya njia za kuingia Umasaini, alichapisha yale aliyoambiwa na wafanyabiashara na wapagazi wa Kiswahili, kituo baada ya kituo, maji yalipo na yasipokuwapo. Mwaka uliofuata daktari Mjerumani Gustav Fischer alipita njia hiyo kutoka Pangani hadi Naivasha, na vitabu vikampa sifa ya kuwa wa kwanza, ilhali alikuwa akiongozwa na watu walioyajua makambi yote kwa majina. Jumbe Kimameta wa Pangani, kiongozi wa misafara ambaye alikutana na msafiri Joseph Thomson mwaka 1883, ndiye baadaye aliyeambatana na wasafiri wa Ulaya Teleki na von Höhnel katika safari iliyofika, tarehe 6 Machi 1888, kwenye ziwa walilolipa jina la mrithi wa ufalme wa Austria, Rudolf, na ambalo leo linaitwa Turkana. Wengi wa watu waliobeba mizigo ya misafara hiyo hawakuandikiwa majina, na ni wajibu wa shule za Tanzania kuyatafuta yanayoweza kupatikana. Kijana wa Dar es Salaam anayekwenda Natron leo anafuata nyayo za Waswahili wenzake, wala hafuati nyayo za Fischer.

Engaruka yenyewe, kijiji ambacho wengi hukipita kwa gari wakiwa wamefunga vioo kukwepa vumbi, ina mabaki ya mashamba ya umwagiliaji yaliyoenea kwa hekta zipatazo 2,000. Kuanzia karibu karne ya 15 hadi ya 18, watu ambao kabila lao bado linabishaniwa walichonga mifereji kutoka vijito vinavyoshuka ukutani mwa bonde, wakajenga matuta ya mawe, wakalima mahali ambapo leo mbuzi hutafuta jani kwa shida. Hayo yalifanywa bila saruji, bila mhandisi kutoka nje na bila mkopo, kwa nidhamu ya kugawana maji peke yake. Na inadhaniwa kwamba vijito vilipopungua, kazi yote ilisimama. Anayezungumzia mradi wa magadi wa bonde hilo angefanya vyema kuanza na mifereji hiyo, kwa kuwa swali la maji ni lile lile.

Natron nayo iliwahi kuponea chupuchupu. Mwaka 2006 lilitokea pendekezo la kujenga kiwanda cha magadi ufukoni mwake, lililohusisha Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Tata Chemicals ya India, likiwa na lengo la kuzalisha tani 500,000 kwa mwaka. Kufikia 2008 kampuni hiyo ilikuwa imejitoa baada ya mabishano makali. Hoja ya kiwanda haikuwa ya kipuuzi, maana viwanda vya chupa, vya sabuni na vya nguo vinahitaji magadi, na ndugu wengi wa Manzese wanahitaji ajira za viwandani. Lakini upande wa pili wa mizani alikuwapo heroe.

Heroe ni ndege mwenye miguu mirefu na manyoya ya waridi ambaye wengi humwita flamingo, na wa Natron ni heroe mdogo, anayekula mwani na bakteria wa majini ambao ndio pia humpa rangi yake. Inakadiriwa kwamba robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huzaliwa katika ziwa hili moja. Hujenga vichuguu vya matope katikati ya magadi, kila jike hutaga yai moja, na fisi au mbweha hawathubutu kuvuka tope linalounguza. Ukali huo si wa kutungwa. Mwaka 1954 Leslie Brown, ofisa wa kilimo nchini Kenya, baada ya kuviona viota hivyo kutoka angani, alijaribu kuvifikia kwa miguu. Magadi yalijaa ndani ya buti zake, yakamchubua miguu hadi akalazwa hospitali na kupandikizwa ngozi. Mwaka 1962, mafuriko yalipowafukuza ndege hao Natron wakaenda kuzalia Ziwa Magadi la Kenya, chumvi iligandamana kwenye vifundo vya makinda kama pingu, na watu waliingia majini wakazipasua pingu hizo kwa nyundo ndogo, kinda baada ya kinda, wakaokoa maelfu kwa maelfu. Hao walikuwa watu waliokwenda ziwani kwa manufaa ya ziwa.

Lazima pia ukanushwe uvumi unaozunguka katika simu kwamba Natron hugeuza wanyama kuwa mawe. Chanzo chake ni picha za mpigapicha Nick Brandt zilizochapishwa mwaka 2013, zikionyesha ndege na popo waliokauka wakiwa wametua juu ya matawi kana kwamba walikufa hapo hapo. Ukweli ni kwamba aliwaokota ufukoni wakiwa wamekufa, wakakaushwa na magadi kama maiti za Misri, kisha yeye mwenyewe akawaweka katika mikao hiyo. Kusambaza jambo la kutisha pasipo kuliuliza ni tabia mbaya, na haipungui ubaya kwa sababu jambo lenyewe linahusu ndege.

Kuhusu safari yenyewe, nafasi iliyobaki inatosha maneno machache. Mabasi ya Arusha huondoka Kituo cha Magufuli, Mbezi. Kutoka Arusha lami hufika Mto wa Mbu, na kutoka hapo ni zaidi ya kilomita 100, sehemu kubwa ikiwa vumbi na makorongo, kupitia Selela na Engaruka hadi kijiji cha Engaresero, njia inayotaka gari lenye nguvu za magurudumu yote na ambayo hukatika wakati wa mvua. Ziwani haogi mtu. Wa kuoga huenda kwenye maporomoko ya Engare Sero, ambayo maji yake ni matamu na baridi. Apatikane kiongozi wa kijijini, maji ya kunywa yabebwe kwa wingi, na mahali kiongozi anaposimama kikundi kizima kisimame, kwa maana gamba la magadi linaonekana gumu kumbe chini yake ni tope la moto. Wakati heroe wanaatamia, kurusha droni juu yao ili kupata picha ni ukatili, kwa sababu kundi lililoshtuka huacha mayai juani.

Kabla ya kurudi, kikundi kiombe kuonyeshwa nyayo. Karibu na ufuko wa kusini, katika majivu ya volkano yaliyoganda, zimo nyayo za binadamu zaidi ya 400, ambazo wenyeji walikuwa wakizijua kabla watafiti hawajaambiwa, na ambazo umri wake hauzidi miaka 19,000 wala haupungui 5,000. Watafiti waliopima mojawapo ya makundi hayo ya nyayo walieleza mwaka 2020 kwamba ni ya watu 17 waliokuwa wakitembea pamoja kuelekea upande mmoja, na kwamba inaelekea 14 kati yao walikuwa wanawake, wakiwa na wanaume wawili na kijana mmoja, pengine wakiwa katika kutafuta chakula. Akina mama wa kikoba wakipanga mstari kando ya nyayo hizo, wakiwa na dereva wao, kondakta na mtoto wa mmoja wao, watakuwa karibu idadi ile ile.