Umejifunga kamba ghorofani, lakini je, itakuokoa?

KIJANA mmoja fundi wa ujenzi alifikishwa katika kliniki yangu hapa Nairobi asubuhi moja akiwa amebebwa na wenzake wawili, visigino vyote viwili vimefura hata viatu havikuweza kuvuliwa bila kukatwa. Alikuwa angali amevaa hanesi, yaani ile mikanda inayopita mabegani, kifuani na mapajani ambayo mafundi huvaa wanapofanya kazi juu. Jambo lililomsumbua kuliko maumivu lilikuwa swali moja.

"Daktari, nilikuwa nimejifunga vizuri na kamba haikukatika. Mbona nimeumia hivi?"

Swali hilo lilikuwa la haki. Wengi wetu tukipita kando ya jengo linalopanda na kuona vijana wamejifunga kamba, huwa tunatulia na kusema hapo wako salama. Ukweli ni kwamba kamba inaweza kushika, isikatike wala kufunguka, na mtu bado akavunjika miguu au hata kufa.

Kamba aliyojifunga kijana huyu ni ile inayotandazwa mlalo kutoka nguzo moja hadi nyingine, ukingoni mwa sakafu ambayo bado haijajengwa ukuta. Nitaiita kamba ya uhai. Fundi huunganisha hanesi yake na kamba hiyo kwa kamba nyingine fupi yenye kulabu, kisha anaweza kutembea huku na huku akifanya kazi bila kujifungua. Sakafu ikimalizika, kamba hutolewa na kupelekwa ghorofa inayofuata. Ndiyo sababu huitwa ya muda. Ni kifaa kizuri, na mahali ambapo hapawezi kuwekwa kizuizi kingine huenda kikawa ndicho pekee cha kumkinga fundi. Taabu yake ni kwamba kinaonekana rahisi mno. Mtu yeyote anaweza kufunga kamba kwenye nguzo mbili na kujiambia amemaliza kazi.

Hebu tupige hesabu ya kijana wetu. Kamba ya uhai ilikuwa mita 1 juu ya sakafu aliyosimama. Pete ya hanesi iliyo mgongoni ilikuwa kiasi cha mita 1.5 kutoka nyayoni mwake. Kamba yake fupi ilikuwa na urefu wa mita 1.8, kipimo cha kawaida. Alipoteleza ukingoni, kamba hiyo fupi haikuanza kumvuta hadi alipokuwa ameanguka mita 2.3. Hapo haikupita hata sekunde moja, na tayari alikuwa akienda kasi ya kilomita 24 kwa saa. Kisha kile kifuko kilichoshonwa kwenye kamba fupi ili kupunguza mshtuko kikaanza kufumuka, nacho huongeza kiasi cha mita 1. Hanesi yenyewe hunyooka kidogo mwilini, tuseme sentimita 30. Na kamba ya uhai, kwa kuwa imelazwa, hubonyea katikati. Kwa nguzo zilizoachana mita 12, kubonyea mita 1.6 si ajabu.

Ukijumlisha unapata mita 5.2, na wataalamu hutaka iongezwe mita 1 hivi ya tahadhari. Basi kijana alihitaji nafasi tupu ya zaidi ya mita 6 chini ya sakafu yake. Alikuwa na mita 4, kwani chini yake palikuwa na paa la zege la sehemu fupi ya jengo. Vifaa vyake vilikuwa vinafanya kazi yake vizuri kabisa, ila zege lilimpokea kabla havijamaliza. Hata hivyo vilimpunguzia mwendo, na naamini ndivyo vilivyomwacha hai.

Ghorofa nyingi za kupangisha hapa mjini zina kimo cha mita 3 kutoka sakafu hadi sakafu. Hii ina maana kwamba fundi anayefanya kazi ghorofa ya kwanza, au anayeweza kuangukia roshani iliyo moja kwa moja chini yake, huenda kamba ya namna hii isimsaidie hata kidogo. Ni afadhali kutumia kamba fupi zaidi, itakayomzuia asifike ukingoni kabisa. Asiyefika ukingoni hana pa kuanguka. Pia kamba ya uhai ikiinuliwa juu ya kichwa badala ya kuwekwa kiunoni, mtu huanguka umbali mdogo zaidi kabla ya kushikwa.

Msomaji mwerevu atauliza: kama kubonyea ndiko kunakoharibu hesabu, kwa nini kamba isivutwe ikakazana kama uzi wa gitaa? Hivi ndivyo mafundi wengi wanavyofanya, na hapa ndipo penye hatari ambayo haionekani kwa macho.

Kila aliyewahi kuanika blanketi lililolowa maji anaifahamu hatari hiyo. Kamba ya nguo iliyolegea huinama na kulibeba blanketi. Ile iliyokazwa sana hung'oa msumari ukutani. Uzito ni ule ule, lakini kamba inapokaribia kunyooka kabisa ndipo inapolazimika kuvuta kwa nguvu kubwa zaidi pande zote mbili ili kuubeba. Viwango vya Ulaya vinataka kifuko cha mshtuko kisiruhusu nguvu inayomfikia mtu kuzidi kiasi cha uzito wa kilo 600. Nguvu hiyo ikiangukia katikati ya kamba ya mita 12 iliyobonyea mita 1.6, kila mwisho wa kamba huvutwa kwa takriban tani 1.2. Kamba hiyo hiyo ikikazwa hata ibonyee nusu mita tu, kila mwisho huvutwa kwa zaidi ya tani 3 na nusu. Mtu ni yule yule na anguko ni lile lile, bali nguzo sasa inabeba uzito wa lori dogo.

Basi ikilegea sana unagonga chini, na ikikazwa sana inang'oa mahali ilipofungwa. Kati ya mambo hayo mawili pana kipimo sahihi, nacho hakipatikani kwa kukisia. Ndiyo maana kamba za uhai zilizotengenezwa kiwandani huja na kifaa cha kukazia chenye alama ya mwisho wa kukaza, na nyingine zina vifuko vya mshtuko kwenye ncha zake. Maelezo yake hutaja urefu usiopaswa kupitwa na idadi ya watu, mara nyingi wawili tu. Nimewahi kuona wanne kwenye kamba moja. Mmoja akianguka, kamba huwavuta wenzake.

Marekani hutaka mahali pa kufungia mtu mmoja paweze kuhimili kiasi cha tani 2.2, au mfumo mzima upigiwe hesabu na mtaalamu na uwe na nguvu mara mbili ya inayotarajiwa. Linganisha na mahali ambapo kamba hufungwa katika baadhi ya mijengo yetu: vyuma vilivyochomoza kwenye nguzo, mti wa mkaratusi unaoshikilia mbao, bomba la maji, au zege lililomwagwa jana. Na kamba yenyewe mara nyingine ni ile iliyokuwa ikivuta ndoo za kokoto wiki iliyopita. Jua huila kamba ya nailoni polepole bila kubadilisha sana sura yake, na ukingo mkali wa zege huikata mara moja. Kamba iliyowahi kumshika mtu akianguka haitumiki tena kwa kazi hiyo, hata ikiwa inaonekana mpya.

Kuna pia wanaojifunga kiunoni kwa mkanda mmoja. Marekani ilipiga marufuku mkanda huo kama kinga ya anguko tangu Januari 1, 1998. Mshtuko wote huishia tumboni, kwenye ini, wengu na uti wa mgongo, na anayening'inia kwa kiuno anaweza kukosa pumzi au kuchomoka akaanguka tena. Hanesi ya mwili mzima hugawa nguvu hiyo mapajani, kwenye nyonga na mabegani.

Sasa tuseme yote yamekwenda sawa. Kamba imeshika, chini pana nafasi, na fundi ananing'inia hewani bila jeraha. Watu wanapumua na kusema amepona. Kwangu mimi daktari, hatari ya pili ndiyo kwanza imeanza.

Tunaposimama, misuli ya miguu husaidia kusukuma damu irudi moyoni kila tunaposogea. Mtu anayening'inia wima bila kusogea, mikanda ikimbana mapajani, damu yake hujikusanya miguuni. Moyo hupokea kidogo na ubongo hukosa ya kutosha. Huanza kwa kizunguzungu, kichefuchefu na jasho, halafu anazirai. Mtu aliyezirai akiwa amesimama huanguka chini, damu ikarudi kichwani, akazinduka. Huyu hawezi kulala chini, kwa kuwa hanesi inamshikilia wima. Baadhi ya watu wenye afya nzuri wamezirai kabla ya dakika 10 kwisha, na anayeachwa hapo anaweza kufa. Kwa hiyo kusubiri gari la zimamoto lipenye msongamano wa Nairobi si mpango wa uokoaji. Ngazi, jukwaa la kuinua au kamba ya kumteremshia iwepo kabla kazi haijaanza, na awepo anayejua kuitumia. Anayening'inia naye, akiwa na fahamu, asukume miguu kama anayepanda baiskeli, au akanyage vitanzi vya mguu iwapo hanesi yake inavyo.

Hapo zamani ilifundishwa kwamba mtu akiteremshwa asilazwe, bali akalishwe kwa nusu saa, ati damu ya miguuni ingerudi kwa kishindo na kuusimamisha moyo. Uchunguzi wa maandiko ya kitabibu uliofanywa Uingereza mwaka 2009 haukupata ushahidi wa kutosha wa jambo hilo. Mlaze chini, angalia kama anapumua, legeza mikanda, na umpeleke hospitali hata akisema yuko sawa.

Na aliyegonga chini? Wenzake kijana wangu walimbeba mmoja kwapani na mwingine magotini, wakamkunja ndani ya teksi. Walifanya kwa upendo, na siwalaumu, lakini nilipowaona moyo wangu uliruka. Mtu anapoangukia visigino, nguvu haiishii miguuni. Hupanda kupitia magoti na nyonga hadi kwenye pingili za mgongo. Daktari akiona visigino vimevunjika namna hiyo lazima achunguze mgongo pia. Pingili iliyovunjika inaweza kuwa bado haijaugusa uti wenyewe, na ni kule kumkunja mgonjwa kunakoweza kuukata, na aliyekuwa akisogeza vidole vya miguu asivisogeze tena. Kama si lazima kumwondoa kwenye hatari, mwacheni alipo, mmoja amshike kichwa kisigeuke, mtafute ambulensi. Ikibidi kumhamisha, ageuzwe kama gogo, mwili mzima kwa pamoja na watu kadhaa, kisha alazwe juu ya ubao au mlango ulionyooka.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu si mafundi, ila baadhi yenu mnajenga Ruaka, Kitengela au Rongai na mnamlipa mwanakandarasi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtwika mwajiri jukumu la usalama wa wafanyakazi wake, na mfanyakazi aliyeripoti hatari kubwa hapaswi kulazimishwa kurudi hapo kabla haijaondolewa. Muulize mwanakandarasi wako kwanza kama vizuizi vya ukingoni haviwezekani, maana kizuizi imara cha kiunoni humkinga kila apitaye, awe amejifunga au la. Akisema ni lazima kamba, muulize nani aliyepiga hesabu yake, na nani atakayemteremsha mtu. Akicheka, umepata jibu.

Picha za eksirei za kijana zilionyesha visigino vyote viwili vimevunjika na pingili moja ya kiunoni imebonyea. Uti ulikuwa mzima. Mkubwa wake alimtumia pesa kidogo za dawa na kumwambia apumzike. Hakujua kwamba Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, nayo ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri aripoti ajali kama hiyo kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini katika muda wa siku 7, na kwamba dai la fidia huwasilishwa kabla ya miezi 12 kupita. Tuliijaza fomu hiyo mezani kwangu, mimi upande wa daktari, naye akitaja tarehe na saa. Miezi mitano baadaye alikuja akitembea kwa mkongojo, akaniuliza kama anaweza kurudi juu. Nilimwambia visigino hivyo havitamruhusu kukanyaga ngazi siku nzima, angalau si mwaka huu. Akanijibu kwamba amepata kazi ya kulinda stoo ya vifaa katika mjengo mwingine, na kwamba hanesi zote hupitia mikononi mwake kila asubuhi.