Bawabu na Mkwaju Wake

Mtu afunguapo tovuti ya duka kwa simu yake hudhani kwamba asema na programu ile ile itunzayo bei na bidhaa. Kumbe ampokeaye mlangoni aghalabu ni bawabu tu, na bawabu huyo, katika seva nyingi za dunia, ni nginx, programu aliyoianza Mrusi Igor Sysoev mwaka 2002 na kuitoa kwa umma mwaka 2004, ili seva moja iweze kuwahudumia wageni 10,000 kwa wakati mmoja pasi na kuzidiwa.

Kazi yake ni kupokea ombi la mgeni, kulipeleka ndani kwa programu ihusikayo, kisha kurudi na jibu kana kwamba ni lake mwenyewe. Huko ndani duka laweza kukaa mlango namba 3000 na malipo namba 4000, wala mgeni hana habari.

Taabu huanzia kwenye njia. Mgeni ameomba /duka/viatu, ilhali programu ya duka, ambayo mwandishi wake hakuwaza kwamba siku moja itawekwa nyuma ya bawabu, yaijua /viatu peke yake. Basi fundi huandika katika faili la nginx, chini ya location /duka/, mstari huu: proxy_pass http://127.0.0.1:3000/, na mkwaju ule wa mwisho, yaani alama ya /, licha ya udogo wake wote, ndio wenye hukumu: ukiwapo, bawabu huikata /duka/ na kupeleka /viatu, usipokuwapo, huipeleka njia nzima kama alivyoipokea, na programu hujibu 404, yaani kitu hicho hakipo. Nimepata kukesha hadi alfajiri nikiikagua programu isiyo na kosa lolote, kumbe mkwaju nimeufuta mwenyewe jioni yake, nikiudhani wa ziada.

Hata ukiwekwa sawasawa, bawabu hurekebisha njia ya kuingilia, si viungo vilivyomo kurasani. Kurasa zitokazo ndani, iwapo viungo vyake vyaanza na /picha badala ya /duka/picha, humpita vivyo hivyo, na mgeni huona duka lisilo na picha hata moja. Dawa yake, kwa rai yangu, si kumwamuru bawabu achakure kila ukurasa, bali kuiarifu programu yenyewe kwamba makazi yake ni /duka.

Kadhalika bawabu hana budi kuagizwa aandike asili ya mgeni katika kichwa cha ombi, mahali paitwapo X-Forwarded-For. Asipofanya hivyo, daftari la duka litaonyesha kwamba wateja wote, wa Tanga na wa Muscat, wametokea 127.0.0.1, yaani humo humo ndani ya nyumba.